Wasomaji wanauliza: Kuku amemeza msumari, nifanye nini?

Safari hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, kuku kumeza vitu. Haishangazi, hapa Goma kila kukicha mtu anajenga, mbao na manjanja, yaani mabati, kila kona, na kuku wetu wengi hawafungwi, wanashinda wanazunguka parseli nzima, uwanja wote wa nyumba, na kudonoa chochote kinachong'aa. Tumechagua zile zenye majibu yanayoweza kusaidia watu wengi, majina ya walioandika tumeyaacha.

Mama wa Ndosho anauliza: Docta salama? Tunajenga kachumba ka mbao nyuma ya nyumba, fundi amemaliza jana. Leo asubuhi mtoto amekuja mbio eti kuku anameza musumari, nafika nakuta kweli umeshashuka, ni ile ya kupigilia manjanja. Kuku iko anatembea tu, na muchele nimemupa amekula bila shida. Jirani mwenye ametoka Masisi anasema nimumezeshe simaku vile wanafanyaka ngombe, mama mukwe anasema mafuta ya mawese, miye nilitaka kumushika miguu juu kichwa chini nimutikise atapike. Nianze na nini? Ni kuku ya mayai, ananisaidia sana.

Jibu: Salama mama, pole na asante kwa kuuliza kabla ya kufanya. Kumtikisa kichwa chini acha kabisa. Kuku hatapiki vile mbwa anatapika, ukimgeuza hivyo maji na chakula vinarudi kooni na vinaingia kwenye mapafu. Ukitaka kuelewa, mfungue mdomo polepole penye mwanga, nyuma ya ulimi utaona mpasuko mdogo unafunguka na kujifunga, hapo ndipo pumzi inapopita. Sasa mawese unayommiminia mdomoni yanaweza kuingia hapohapo, na kuku akafa na mafuta wakati msumari bado haujamfanya kitu. Maziwa pia usimpe, tumbo lake haliyawezi, atahara tu.

Simaku, jirani hajasema uongo kwa upande wa ng'ombe. Ng'ombe anamezeshwa simaku, inakaa kwenye tumbo la pili miaka yote na kushika misumari isitembee. Kuku hana nafasi hiyo. Ukimpa simaku itashikana na msumari, utakuwa umemuongezea mzigo mgumu kwenye firigisi, ile mnaita jezie.

Sasa msumari uko wapi? Kitu kikimezwa kinafika kwanza kwenye gole, ule mfuko ulio kifuani chini ya shingo, kidogo upande wa kulia. Chakula kinaweza kukaa pale masaa kadhaa ndipo kishuke, ndiyo maana kuku analala gole limejaa na anaamka liko tupu. Kama msumari bado uko pale, hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu veterineri anaweza kumpa dawa ya usingizi, akapasua gole kidogo, akatoa na kushona. Kwa hiyo ukiweza kumpeleka leo, mpeleke leo, usingoje kesho. Unaweza kumshika ukagusa gole kwa vidole taratibu, lakini usikandamize na usijaribu kuusukuma msumari popote, ncha itatoboa.

Ukishapita hapo unaingia kwenye firigisi, na hapo ndipo penye maneno. Wewe mama unaijua firigisi, umeshaiosha mara ngapi, unajua ile nyama ilivyo ngumu na ile ngozi ya manjano unayoibandua ndani. Kuku hana meno, firigisi ndiyo inamtafunia, inajikaza na kujilegeza mara mbili tatu kila dakika, na kokoto alizomeza, kwetu hapa ni za volkano, ndizo zinasaga mahindi. Kwa hiyo kitu laini kisicho na ncha, kifungo, kipande kidogo cha mbao, kikokoto kikubwa kidogo, mara nyingi kinazungushwa humo mpaka kinaisha au kinatoka, na mtu hajui hata kama kilimezwa. Hata misumari midogo watu wanaikutaga kwenye firigisi ya kuku mzima kabisa siku ya kumchinja. Lakini kitu chenye ncha ni bahati nasibu, ile nguvu ya kukaza ndiyo inasukuma ncha ipenye ukuta wa firigisi, inatokea tumboni, uchafu unamwagika, kuku anaoza kwa ndani. Inaweza kutokea kesho, inaweza kutokea baada ya majuma. Ndiyo maana nakuomba usitulie eti kwa sababu amekula mchele, wengi wanakula vizuri kabisa mpaka siku ncha inapopenya.

Mtenge kwenye karatoni kubwa au kizimba chake peke yake, maji safi na chakula chake cha kawaida, halafu muangalie. Anasimama pembeni amejikunja mgongo na manyoya yamesimama? Mkia umeanguka? Anatembea kwa uangalifu na hapandi tena pale alizoea kulala? Upanga wa kichwani umepauka, kinyesi kimekuwa kijani, mayai yamesimama? Na kila juma pitisha mkono kifuani, ule mfupa wa katikati ukianza kuchoma mkono maana yake nyama inaisha, hata kama unamuona anadonoa. Ukiona hayo, msumari umeanza kazi.

Nijibu na lile ambalo hukuuliza lakini najua liko kichwani, pesa. Kumpiga radio, ile picha ya kuona ndani ya mwili, na kumpasua kunaweza kuzidi bei ya kuku mwenyewe, na familia yenye watoto wa kusomesha haiwezi kulaumiwa kwa kupiga hesabu. Kama huwezi, unaweza kumuacha na kumchunguza vile nimesema, au ukamchinja sasa akiwa bado mzima. Nyama ya kuku aliyemeza msumari tu na hajaugua inaliwa, haina sumu. Ila ukipasua ukakuta tumboni kuna maji ya kunuka, usaha, au matumbo yameshikamana, tupa yote. Na akishaanza kuugua usimkimbilie na kisu eti asife bure, kuku mgonjwa si chakula.

Halafu ile simaku, iko na kazi yake nzuri sana. Tafuta simaku ya spika ya radio iliyokufa, ivishe sashe, ule mfuko wa plastiki, ifunge kamba, mpe mtoto mkubwa aiburute polepole parseli nzima pale fundi alikuwa anafanyia. Itabeba misumari, vipande vya waya, na itabeba pia mchanga wetu mweusi kwa sababu mchanga wa volkano una chuma ndani. Ukigeuza sashe nje ndani vyote vinadondoka pamoja, hutumii hata dakika. Mabaki ya manjanja yaokote kwa mkono, yale mengine kama aluminiamu na shaba simaku haiyashiki. Na fundi mwingine akija, mpatane kabla ya kumlipa kwamba anaokota misumari yake, hii si kwa kuku peke yake, watoto wetu wanatembea peku.

Kijana wa Kyeshero, karibu na ziwa, anauliza: Kuku wetu amekula munyoo wenye ulikuwa kwenye ndoana ya mudogo wangu, kamba iko inaninginia inje ya mudomo. Tuvute?

Jibu: Usivute mdogo wangu, hata kidogo. Ndoana ina kale kameno ka nyuma, ukivuta kanashika nyama na kupasua koo au gole. Pia usikate kamba karibu na mdomo, wengi wanafanya hivyo wakidhani wamemsaidia, halafu kamba inamezwa, inafika kwenye matumbo na kuyakunja, hiyo inaua vibaya kuliko ndoana yenyewe. Acha urefu kama wa kiganja, izungushie kwenye kipande cha karatoni na uibandike na skochi kwenye manyoya ya shingo ili asiimeze. Mfunge mabawa kwa kitambaa, muweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, giza linamtuliza, usimpe chakula, mpeleke kwa veterineri. Ile kamba ndiyo itamuonyesha njia.

Kama ndoana unaiona kabisa, imeshika pembeni ya mdomo, hiyo mnaweza nyumbani, mmoja anashika kuku, mwingine anaisukuma ndoana mbele mpaka ncha itokeze, anakata ncha na koleo, ndipo anairudisha nyuma itoke kirahisi.

Baba wa Katoyi anauliza: Nilitega dawa ya panya kwenye depo, zile vipaketi wanauzaka barabarani. Asubuhi kuku wamefungua mulango wakaingia. Mmoja amekufa, wawili wamelegea, mwingine nimemuchinja haraka kabla hajakufa na bibi yangu anauliza kama tunaweza kula tukichemusha sana. Na mayai ya jana na leo je?

Jibu: Baba, usile, na mayai usile, hata ukichemsha kutwa nzima. Sumu haifi kwa moto vile vijidudu vinakufa, inabaki kwenye nyama na mchuzi, na ini ndilo linabeba nyingi zaidi. Najua kuku wanne ni pesa, inauma, lakini hapa hakuna hesabu ya kupiga.

Tafuta kile kipaketi hata kama kimechanika, kipige picha, kipeleke kwa veterineri pamoja na wale wawili, kwa sababu dawa za panya hazifanani hata kidogo. Kuna zile zinazofanya damu isigande, kuku anaweza kuonekana mzima siku kadhaa halafu anaanza kutoka damu ndani kwa ndani, upanga unakuwa mweupe, hiyo ina dawa, ni vitamini K1, na inatolewa kwa siku nyingi siyo mara moja. Kuna zile za zinki fosfidi, zinatoa gesi tumboni na kuua kwa masaa, hiyo haina dawa ya kuigeuza. Na kuna dawa za kuulia wadudu wa shamba ambazo watu wanazifunga kwenye vipaketi visivyo na jina na kuziuza eti za panya, hizo kuku anatoa mate, anatetemeka, anahara, miguu inakufa ganzi, anahema kwa shida, na veterineri akiwahi kuna sindano ya atropini. Kwa kasi ambayo wako wamekufa, mimi siwazi ile ya damu, kwa hiyo usipoteze muda.

Kabla ya kufika huko, vaa sashe au glavu mikononi, wasafishe mdomo na manyoya kwa maji, wape maji safi, wazuie wasirudi depo. Kuna watu wanasaga makala, yaani mkaa wa jikoni, na kuwanywesha kuku. Mkaa wa dawa ni mwingine, umetengenezwa kunyonya sumu, na veterineri anaupitisha kwa mpira mpaka kwenye gole bila kuugusa mpasuko wa pumzi. Makala ya kupikia usimlazimishe.

Waliokufa pamoja na yule uliyemchinja wafukie pamoja na panya wote waliokufa, chini sana. Najua mawe yetu, kuchimba Goma ni kuvunja mgongo, lakini ukiwatupa kwenye taka mbwa na paka watakula na kufa, na kuku wa jirani watakuja kudonoa. Wale watakaopona, mayai yao usile wala kuuza mpaka veterineri akwambie, kuna sumu zinazoendelea kuingia kwenye mayai kwa majuma. Na kama kuna mtoto aliyeigusa au kuonja ile dawa, acha mambo ya kuku, peleka mtoto hospitali sasa hivi na kipaketi mkononi.

Penye kuku, tumia mtego wa kubana au fuga paka. Kama ni lazima dawa, iwe ndani ya boksi gumu lililofungwa lenye tundu la panya tu, na kila asubuhi mtu mzima aokote panya waliokufa kabla kuku hawajatoka.

Mama mwenye resto kidogo Birere anauliza: Mabaki yote ya jikoni napeleka kwa kuku, maganda ya viazi, maharagi, avoka, sombe, bugali, mpaka maji ya kulowesha makayabo. Hivi majuzi vifaranga vinne vimekufa na sijue sababu. Kuna kitu kibaya humo?

Jibu: Kuna kadhaa mama, na cha kwanza ninachokishuku kwa vifaranga ni yale maji ya makayabo, samaki wa chumvi. Ni chumvi tupu, na kuku hawezi kutoa chumvi nyingi mwilini, kifaranga ndiyo kabisa. Wanapata kiu kali, wanahara maji, wanajaa maji tumboni, wanalala chini na kufa. Mwaga mbali na pale wanapokunywa, na vipande vya samaki wenyewe usiwape kabla hujavilowesha vizuri. Samaki wadogo wa sambaza zilizokauka bila chumvi ni nzuri sana kwao, hizo endelea.

Maharagi yakiwa yameiva kabisa hayana neno. Mabichi ndiyo hatari, hasa yale mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu, tena kuchemka kwa nguvu nusu saa hivi, siyo kupata joto kwenye makala yaliyofifia, kwa hiyo zile ulizochambua na kutupa chini fagia. Viazi, ganda lililogeuka kijani na lile lenye macho yaliyoota usimpe, mengine chemsha. Muhogo vivyo hivyo, maganda mabichi na sombe, yaani majani yake, isiyopikwa yana sumu ya sianidi, muhogo mchungu ndiyo zaidi. Avoka, mbegu, ganda na majani yake ni sumu kwa ndege, nyama yake ina kidogo, lakini mimi nisingewapa kabisa, maana wakizoea nyama watachimba na ganda.

Bugali wa jana sawa. Bugali uliofanya ukungu hapana, na mahindi yenye ukungu hapana hata ukiyaosha na kuanika, ile sumu ya ukungu inakula ini polepole na wewe unaona tu kuku hawakui. Halafu angalia pubeli yako ya taka, kama kuna nyama iliyooza yenye mafunza usiache kuku wale yale mafunza. Wanaweza kubeba sumu ya botulini, kuku analegea miguu, mabawa, mwisho shingo inalala chini na hawezi kuiinua.

Fundi wa batri, Majengo, anauliza: Atelie yangu iko nyuma ya nyumba, nafunguaka batri za gari na za solaire. Kuku wa bibi wanazunguka hapo. Mmoja amekonda, kinyesi kijani, anatembea kama mulevi, mabawa yameanguka. Nilimuona zamani anadonoa vile vipande vya rangi ya majivu.

Jibu: Ndugu, hiyo ni risasi, ile metali, na dalili ulizoandika zinafanana nayo kabisa. Firigisi inaisaga polepole kila siku na mwili unaipokea, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha. Mpeleke akapigwe radio, kipande kinaonekana cheupe kabisa, na kuna dawa ya kuitoa mwilini ingawa si rahisi kuipata. Kuku huyo asiliwe, na mayai ya kuku wote wanaozunguka hapo yasipewe mtoto wala mama mjamzito, kwa kweli yasiliwe na mtu yeyote mpaka wamechunguzwa, kwa sababu risasi inaingia kwenye yai na kuku anaweza kuwa nayo bila kuonyesha chochote.

Ila mimi nakuwazia wewe na watoto wako zaidi ya kuku. Vumbi linalomlewesha kuku ndilo mtoto anachezea hapohapo na kutia vidole mdomoni. Hamisha kazi hiyo mbali na nyumba, zungushia, nguo za kazi zisiingie ndani, na watoto wapimwe damu ikiwezekana. Na kwa kuwa nimetaja risasi, tangu vita vya Januari 2025 kuna parseli ambazo bado zina vipande vya risasi za bunduki chini. Kile ambacho hakijalipuka usikiguse na watoto wasisogee, toa taarifa. Vipande vilivyokwisha kuvunjika visiachwe pale kuku wanadonoa, ndani yake mara nyingi ni hiyohiyo metali.

Dada wa Himbi anauliza: Vifaranga vyangu vinapenda sana frigoliti, ile nyeupe iliyokuja na televizio. Vimekula kipande kizima. Vitakufa?

Jibu: Inawezekana visife dada. Frigoliti haina ncha wala haiyeyuki kuwa sumu ya haraka, vipunje vidogo vinatoka na kinyesi. Shida ni kikiwa kingi, au kikichanganyika na majani marefu, nyuzi za gunia na vipande vya sashe, gole linaziba. Kesho alfajiri kabla hujawapa chakula, shika kimoja kimoja uguse kifuani. Gole tupu na laini, uko salama. Likiwa gumu limejaa wakati hakijala usiku mzima, limeziba, kinyime chakula, kipe maji, na mara kadhaa kwa siku likande polepole kwa vidole viwili, kifaranga kikiwa kimesimama wima, usikilaze. Likiwa laini limejaa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha ndani, hapo usikande, peleka kwa veterineri, na vivyo hivyo kama lile gumu halijalegea mpaka kesho yake. Hiyo karatoni ya televizio pamoja na frigoliti iliyobaki itoe leo, vikishaionja vitaitafuta.